Sweta la Damu ya Mzee

Kabichi zangu ziling'olewa siku ya Jumapili, zikiwa zimetoa majani manne manne. Zilikuwa thelathini na sita, na mistari miwili ya vitunguu pembeni. Aliyezing'oa ni mume wangu, kwa mikono yake, suruali ya kazini ameikunja hadi magotini. Alizing'oa polepole kwa aibu, mimi nimesimama mlangoni pa jiko nikikohoa, na mke mwenzangu ameketi barazani kwake akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa hata mara moja. Hilo la kutoinua kichwa ndilo lililoniuma zaidi, maana neno lililozing'oa kabichi zile lilikuwa lake.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, na boma letu lilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Migori mjini. Mimi nilikuwa mke wa pili. Nilitoka Kendu Bay, kwa baba Msabato aliyekuwa na kiduka cha chumvi na sabuni, na aliyenisomesha kwa wamishonari hadi nikajua kusoma, kufuma na kupanda mboga kwa mistari. Halafu nikampenda mwanamume mwenye mke. Kanisa likanifuta kwenye kitabu, baba akakaa mwaka mzima bila kulitaja jina langu. Kwa hiyo mtu akiuliza mbona sikufunga virago nikarudi kwetu wakati wa mambo haya, jibu ni hilo. Sikuwa na kwetu pa kurudi.

Mke wa kwanza kwa sisi Waluo huitwa mikayi, na si jina la heshima tu. Mikayi ndiye mwenye boma. Mvua za masika zikianza, yeye ndiye anayetoa mbegu. Mume hulala nyumbani kwake, asubuhi wanatoka wawili na jembe, wanapanda mashimo machache, basi, njia imefunguka. Baada ya hapo mke wa pili naye apande, na wa tatu kama yupo. Kabla ya hapo hakuna kugusa udongo. Ukimtangulia mikayi umevunja mwiko, na mwiko ukivunjwa huja chira: mtu anakonda, anakohoa, ananyauka, mpaka anakwisha yeye au mtoto wake. Sasa hebu fikiria mamlaka hayo yakiwa mikononi mwa mtu asiyekupenda.

Mwaka ule mvua iliwahi. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya shaba, na nyumbani alikuja mwisho wa mwezi tu. Alipokuja mwisho wa Februari ardhi ilikuwa imelainika na majirani wameshaanza kupanda. Mikayi akasema tumbo linamkata. Mume akarudi kazini. Na tumbo, lo, likapona siku ile ile! Nilimwona kwa macho yangu akienda sokoni, kikapu kichwani, mikono inaning'inia, akisalimia kila mtu njiani.

Wiki ya kwanza ya Machi ikapita, na ya pili. Yeye alikuwa na ghala limejaa mahindi ya mwaka uliotangulia, mabinti zake walikwisha olewa, alikuwa anajilisha mwenyewe. Mimi nilikuwa na debe moja na nusu na watoto wawili. Shamba langu lilikuwa kipande cheusi kule chini karibu na kijito, udongo wa kutamanika, na kila nilipokwenda kuchota maji nililiona linaota magugu. Nilichotaka duniani kilikuwa hicho tu: nipande shamba langu mvua ingali ipo.

Nilimwendea kwa adabu, nikapiga magoti.

"Mikayi, mvua inakwenda."

"Mvua ni ya Mungu, nyar Kendu," akanijibu. Maana yake binti wa Kendu, na ndivyo alivyoniita siku zote. "Wewe si mtu wa Mungu? Ngoja."

Nyar Kendu! Akilitamka utadhani anatema makapi ya muwa.

Basi nikapanda kabichi. Nilikuwa na mbegu nilizozitunza kwenye bahasha tangu misheni, nikajiambia kabichi ni mboga ya Wazungu, mila haizijui, hazimo kwenye hesabu. Nikalima kipande nyuma ya jiko, nikazungushia matawi ya miiba kwa ajili ya kuku. Nilikuwa nimeshaanza kukohoa. Kikohozi kilinianza Januari wakati wa vumbi, nikadhani ni moshi wa kuni mbichi, na mvua ilipokuja nikadhani ni baridi. Kila siku nilikuwa na sababu mpya ya kikohozi kile. Mikayi alikuja siku moja kuomba moto, akapita nyuma ya jiko, akaona miche. Alisimama akaitazama kama mtu anayesoma barua. Akaenda zake, na moto akausahau.

Maneno yake aliyaweka hadi mwisho wa mwezi. Mume alipokuja, akatuita sote wawili, akangoja mpaka nilipokohoa. Nilijizuia, nikajizuia, kikanitoka.

"Sikia hicho kifua," akamwambia mume. "Sikia vizuri. Mtu amezitangulia mbegu zangu, na sasa boma linakohoa. Wewe unangoja mpaka tuzike mtoto ndipo uulize?"

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na neno chira lilimtoa jasho. Nikamwambia ni kabichi tu, jamani, kabichi! Nikamwambia kikohozi kilikuja kabla ya kabichi, hesabu mwenyewe miezi. Hakuhesabu. Ikaamuliwa kabichi zing'olewe, mimi ninywe manyasi, ile dawa ya mizizi ya kumsafisha mtu mwenye chira, na nisishike jembe mpaka kikohozi kiishe. Jumatatu asubuhi mikayi akatoa mbegu, tumbo salama salimini. Siku zile zote nilizokuwa nikimlilia apande, kumbe ilitosha kunifunga mimi kwanza.

Manyasi yalikuwa machungu na yalinitapisha. Nilikaa nyuma ya jiko karibu na udongo mtupu uliokuwa shamba la kabichi, bakuli mkononi, na nikasema moyoni: mama, utakiona cha mtema kuni. Sikujua vipi wala lini. Lakini niliapa, na mimi nikiapa huwa nimeapa.

Wiki ya tatu ya Aprili nilikwenda kijitoni, nikainama kujaza mtungi, nikakohoa, maji yakawa mekundu. Sikumwambia mtu wa boma isipokuwa binti yangu mkubwa, wa miaka saba, nikamwambia mshike mdogo wako mkono, usimwache. Watoto sikuwa na pa kuwaacha ila kwa mikayi. Nikafunga kanga mbili na sindano zangu za kufumia, nikapanda basi la Homa Bay.

Kule hospitalini wakanipiga picha ya kifua, wakanipa kikopo cha kutemea makohozi, na muuguzi mmoja kutoka pwani akaniambia bila kuzungukazunguka: ni kifua kikuu, kinatibika, lakini utakaa nasi miezi. Nikamuuliza kama kabichi zinaweza kuleta ugonjwa huo. Akacheka hadi akashika ukingo wa kitanda. "Kabichi? Mwanangu, huu unaruka kutoka kwenye kifua cha mtu hadi kwenye kifua cha mwingine." Wagonjwa tulimwita sista. Alikuwa mkali kwa usafi na mpole kwa sindano, na alizichoma kila siku, makalio yakawa magumu mpaka kukaa kukawa kazi.

Nilikaa miezi minane. Dirishani nililiona ziwa, na upepo wa kutoka ziwani ulikuwa na harufu ya omena, dagaa wa huko, wanaoanikwa. Mama yangu alikuja kutoka Kendu mara mbili, kwa kujiiba. Muda wote uliobaki nilifuma. Sindano zangu zilikuwa spoku mbili za baiskeli nilizozinoa kwenye jiwe tangu usichana, na sista aliniletea nyuzi za sufu za kuokoteza, mabaki ya rangi hii na ile. Nilifuma kofia za watoto wa wodi ile nyingine, soksi, blanketi la viraka. Kitanda cha jirani alilala mama mzee wa Kikuria kutoka huko mpakani. Kiluo hakujua, Kikuria sikukijua, tukaongea Kiswahili. Nilimsimulia habari za mikayi zote, na nilipofika mwisho nikaanza tena. Asubuhi akiamka ananiuliza, "Haya, leo umeshamuua mara ngapi?"

"Mara mbili, na chai bado," namjibu, naye anacheka hadi anakohoa.

Nilikuwa sitanii. Kila mshono ulikuwa na jambo lake. Mmoja nimemwona akilia sokoni, mwingine nimemwona akipiga magoti kwangu kuomba maharagwe. Nilipata nafuu kwa chuki ile, nasema kweli. Wenzangu waliokata tamaa walikwisha mapema, mimi nilikula kila kilicholetwa na kuomba kingine, kwa sababu nilikuwa na kazi inayoningoja nyumbani.

Agosti sista alitaka watu wote ninaoishi nao waje wapigwe picha. Nikamtumia mume wangu barua: njoo na watoto. Nilitaja yeye na watoto tu. Wakaja, wakapigwa picha, vifua vyao safi. Watoto walikuwa wamenenepa, mashavu yanang'aa mafuta. "Mikayi anatupikia uji wa wimbi na maziwa," binti yangu akaniambia, "na ananisuka." Hilo nalo liliniudhi. Halafu akasema, "Mikayi naye anakohoa kama wewe, mama."

Mume akazungumza haraka, kama mtu anayetaka jambo lipite. "Shamba lako la kijitoni mikayi alilipanda. Alisema udongo ule usilale bure. Limezaa sana."

Nikamwuliza mahindi yako wapi. Akasema yako ghalani kwa mikayi. Kulipanda shamba la mke mwenzako akiwa hospitalini! Hata kwa mila zake mwenyewe hilo ni mwiko, na alilijua vizuri kuliko mimi. Walipokuwa wakiondoka, sista alisimama karibu na kitanda na daftari lake.

"Kuna mwingine mnayeishi naye nyumbani?"

"Hakuna, sista."

"Hata mmoja? Hata wa kukohoa kidogo?"

"Hakuna."

Akaandika. Alipotoka, mama wa Kikuria akajigeuza kitandani akanitazama. "Na yule unayemuua kila siku?"

"Yule si mtu wa kwetu," nikasema.

Akageukia ukutani. Tangu siku ile hakuniuliza tena asubuhi nimemuua mara ngapi.

Nilirudi nyumbani Desemba na mfuko wa vidonge. Boma lilitoka kunilaki, na mikayi alikuwa mbele, kama kawaida yake ya kuwa mbele kwa kila kitu. Alikuwa amepungua. Mikono niliyoizoea kuwa minene ilikuwa imeonyesha mifupa ya kiwiko, na aliponikumbatia nikasikia kifua kinakwaruza ndani. Nilikuwa nimelala miezi minane katikati ya vifua vya namna ile. Sikuhitaji picha. Nilijua mle ndani mna nini, nilijua dawa iko wapi, nilijua basi la kwenda huko huondoka saa ngapi. Nikatabasamu nikamuuliza habari za siku nyingi.

Januari alikuja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda, akajifunika kanga mbili, na nje jua kali.

"Nyar Kendu," akasema, "nasikia baridi mchana kweupe. Si baridi ya kawaida. Wewe hospitali walikuambia ugonjwa wako ulikuwa nini?"

Nimelifikiria swali hilo miaka mingi. Aliliuliza vizuri, kwa unyenyekevu, na mimi nilikuwa nakoroga uji na mgongo wangu ulikuwa kwake. Ningesema neno moja tu. Nikageuka nikamtazama usoni.

"Si wewe ulishaniambia, mikayi? Walisema ni chira."

Nikaona neno linavyoingia na kukaa. "Hata madaktari wanasema hivyo?"

"Hata wao."

Akaondoka akishika ukuta. Ai, nilifurahi! Sitasema uongo. Nilikaa kwenye kigoda kile kile alichokikalia nikacheka peke yangu. Alikuwa amenivika neno hilo mbele ya mume, nami nikamrudishia likiwa vile vile. Acha sasa alivae yeye.

Na baridi yake nikaishughulikia. Nilikwenda dukani kwa Mhindi pale Migori, nikachagua sufu ya rangi ya damu ya mzee, nzito, nikamfumia sweta la mikono mirefu na kola. Nilifuma barazani watu wakiniona. Mume wangu alipokuja mwisho wa Januari akatikisa kichwa kwa furaha. "Kumbe mnapendana!" Wanawake sokoni walilishika shika, wakaniambia nina moyo wa dhahabu, wengine wangemfumia sanda. Mikayi alilivaa hata jua la saa saba. Rangi ile nilikuwa nimeichagua kwa sababu ilikuwa nzuri, lakini pia ina faida yake: akikohoa akajifuta kwa mkono wa sweta, hakuna kilichoonekana.

Yeye alitafuta kosa lake. Mtu mwenye chira lazima ajue alivunja nini, ndipo atengeneze. Alitafuta kama mtu aliyepoteza sindano kwenye majani, siku baada ya siku, akinywa manyasi yale yale yaliyonitapisha. Mwisho wa Februari mume alipokuja, mikayi akatuita sote wawili, vile vile kama mwaka uliopita, pale pale. Sweta limening'inia mabegani.

"Nilichelewesha mbegu makusudi," akasema. "Tumbo halikuniuma. Nilitaka mvua impite huyu. Halafu nikapanda shamba lake akiwa mgonjwa. Ndiyo haya."

Mikayi akainuka, akatoka, akarudi akiburuta gunia la mahindi. Halafu la pili. Alikataa kusaidiwa. Kila hatua mbili alisimama, akashika magoti, akavuta pumzi. Magunia manne, kutoka ghalani kwake hadi mlangoni kwangu, na la mwisho akaliegemea na kupiga magoti. Mbele yangu, kama nilivyomwona kwenye sufu kule wodini.

"Yako haya," akasema. "Na kesho natoa mbegu. Mvua ikija ikute umeshapanda."

Nilikuwa nimepata kila kitu. Kukiri, magunia, magoti, shamba. Nilingoja ile raha ya jikoni inijie tena. Ikaja kidogo, halafu ikawa kama chakula ulichokitamani sana ukiwa mgonjwa, ukaletewa, ukakuta huna mate.

Asubuhi walitoka na jembe. Mikayi alipiga jembe mara ya kwanza, likagusa udongo tu. Mara ya pili mume akataka kumshika mkono, akamsukuma. Alipanda mashimo matano. La sita alikaa chini kando yake akalitupia mbegu kwa kukaa, akafunika kwa kiganja. Alipokwisha kukohoa akanitazama, mimi niliyekuwa nimesimama mpakani.

"Sasa itanitoka, siyo?" akaniuliza. "Nimetengeneza kila kitu. Nitapona sasa?"

Na mimi je, nilisema? Sikusema. Nilichukua jembe nikaenda kijitoni kupanda. Hapa ndipo watu wangependa niwaambie kwamba nilitupa jembe nikambeba mgongoni. Ng'o! Mwaka mzima nilikuwa nimelingojea shamba lile. Nilipanda siku tatu, mashimo yote, mahindi na maharagwe katikati, na jioni ya tatu mvua ikanyesha juu yake kama ilivyopaswa. Nilipokwisha kupanda kila kilichopandika, ndipo nikaenda nyumbani kwake nikakaa.

"Mikayi, kesho twende Homa Bay. Dawa ipo."

"Dawa ya chira?"

"Dawa ya kifua."

Alinitazama. Akaanza kukunja nguo zake, kanga juu ya kanga, kwa utaratibu, na sweta akalivaa.

Sista yule yule ndiye aliyetupokea. Alimwekea mikayi mkono kifuani, akasikiliza, uso ukabadilika. Akaangalia macho yake, akaangalia kucha zake. Halafu akaniangalia mimi, akanitambua, nikaona anakumbuka.

"Huyu ni nani kwako?"

"Mke mwenzangu."

"Wa boma moja?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Si nilikuuliza? Mwaka jana, kwenye kitanda kile pale. Nilikuuliza kama kuna mwingine, hata wa kukohoa kidogo. Mwaka jana huyu alikuwa ni wa kutibiwa tu akaenda zake."

Mikayi alikuwa ameketi kitandani baina yetu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kununua na kuuza, lakini alikuwa amekisikia chote. Niliona anavyokipanga: mwaka jana, kitanda kile, nilikuuliza. Akageuza kichwa polepole akanitazama, na mara hii alikuwa anajua. Nikajiandaa. Nilitaka aseme, nakuapia. Nilitaka anitukane mbele ya wodi nzima, anirukie, anitemee mate, ili tuwe sawa, tufunge kitabu.

"Mimi kataa yeye," akamwambia sista. "Yeye sema mikayi kuja, mimi kataa. Mimi ogopa sindano."

"Na sasa hivi mbona mmechelewa mpaka imefika hapa?"

"Sisi ilikuwa napanda," akasema mikayi. "Mvua ilikuwa karibu."

Sista akatikisa kichwa, akaguna kitu kuhusu watu wa bara na mashamba yao, akaenda kutafuta dawa. Tukabaki wawili. Mikayi akanionyesha kwa kidole nisogee. Nikainama.

"Magugu yataanza wiki ijayo," akaniambia kwa Kiluo, sauti ile ile ya kuamuru. "Ukifika, anza na shamba langu. Halafu lako."

Nikasema, "Ndiyo, mikayi."

Nilimchukia njia nzima ya kurudi. Nilikuwa nimemwekea kisasi mwaka mzima, naye amekaa kitandani na pumzi za kukopa akanishinda kwa majibu mawili ya Kiswahili kibovu. Alikuwa amenifichia, na sikumwomba anifichie, na sasa nitamlipa wapi? Hata katika hilo alitaka kutangulia. Nilipalilia shamba lake kwanza, siku nne, nikimtukana kwa sauti kila jembe likishuka. Nilipofika kwangu kijitoni, magugu yalikuwa yamefika kiunoni mwa mahindi.

Alifariki mahindi yakitoa ndevu. Nguo zake zilirudi zimefungwa kwa kanga, sweta ndani. Mume aliniambia nilifumue, sufu bado ni nzuri, niwafumie watoto. Nililichemsha, nikalianika, nikakaa nalo mapajani na ncha ya uzi mkononi. Sikulifumua. Binti yangu aliniuliza mikayi alikufa kwa ugonjwa gani, nikamwambia kifua kikuu, nikamtamkia vizuri ili asisahau.

Masika yaliyofuata mume wangu alilala nyumbani kwangu, na asubuhi tukatoka wawili na jembe, maana sasa mwenye boma nilikuwa mimi. Ardhi ilikuwa imelainika vizuri. Nilikuwa na mbegu kwenye bakuli, na hakuna mtu chini ya jua ambaye angeniambia ngoja. Nikafika ukingoni mwa shamba nikasimama.

"Piga basi," akasema mume wangu. "Unangoja nini?"

Nilikuwa namngoja mikayi atangulie.